Kiongozi Aliyeshuka Kutoka Mawinguni



Nilianza darasa la kwanza mwezi wa Septemba 1975, katika shule moja ya msingi ambayo zamani ilikuwa ya misheni na mwaka ule ilikuwa ya Serikali. Kila asubuhi tulipanga mistari mbele ya bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Hatukusali, kwa maana sala ilikuwa imeondolewa shuleni. Tuliimba na kucheza kwa heshima ya mtu mmoja ambaye hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amemwona kwa macho.

Mimi niliimba vizuri. Nilipofika darasa la tatu nilichaguliwa kuongoza wimbo, na siku moja ya sikukuu ya chama nikapewa beji ndogo yenye picha ya mtu huyo. Niliivaa kifuani nikarudi nyumbani mbio. Jioni, tulipoketi kula, baba alinitazama, kisha akaonyesha msumari ulio karibu na mlango, mahali alipotundika kofia yake. Akasema: «Mbele ya sala tunavua kofia. Hiyo nayo itundike pale.» Hakusema neno lingine. Niliitundika nikiwa na hasira, kwa sababu nilimpenda mtu wa kwenye beji. Hakuna aliyenilazimisha kumpenda. Nilipenda ngoma, nilipenda kupigiwa makofi, nilipenda kuwa wa kwanza.

Naanza na ukiri huu kwa makusudi. Tunapozungumza juu ya utawala wa mtu mmoja, tunazoea kumtazama yule aliyekaa kwenye kiti. Leo nataka tuwatazame pia wale waliosimama mbele ya kiti wakiimba, nami nikiwa mmoja wao.

Hofu ilitangulia wimbo

Tarehe 24 Novemba 1965, Jenerali Joseph-Désiré Mobutu, mkuu wa jeshi, alitwaa utawala wa Kongo. Alitangaza kwamba angeongoza miaka 5. Nchi ilikuwa imechoka. Katika miaka mitano tangu uhuru wa 30 Juni 1960, tulikuwa tumeona Katanga ikijitenga, tumempoteza Patrice Lumumba aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, na vita vya Simba vya 1964 vilikuwa vimepita Kindu vikiacha makaburi. Kwa hiyo watu wengi, na viongozi wengi wa Kanisa pamoja nao, walimpokea jenerali huyo kwa nafuu. Mtu aliyechoka na dhoruba haulizi sana nani anamfungulia mlango.

Miezi michache baadaye Wakongo walionyeshwa bei ya nafuu hiyo. Tarehe 2 Juni 1966, wakati wa siku za Pentekoste, watu wanne waliwahi kushika madaraka makubwa, akiwemo Waziri Mkuu wa zamani Évariste Kimba, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Hukumu yao ilikuwa imekwisha katika muda mfupi sana. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana mjini humo, wakapigwa risasi. Hofu ikatangulia, wimbo ukaja nyuma yake.

Chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967. Mwaka 1970 Mobutu alisimama peke yake katika uchaguzi wa rais. Mpiga kura alipewa karatasi mbili: ya kijani kwa ajili ya matumaini, na nyekundu kwa ajili ya machafuko. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa kura zaidi ya milioni 10 za ndiyo, na 157 tu za hapana. Desemba mwaka ule ule chama kikawekwa juu ya taasisi zote za nchi. Katiba iliyorekebishwa mwaka 1974 ilifanya mawazo ya mtu huyo, yaliyoitwa Umobutu, kuwa mafundisho rasmi ya taifa, na mwenye kuongoza chama akawa ndiye mwenye kuongoza nchi, bunge na mahakama. Mwaka 1975 hata karatasi za kura ziliachwa: majina ya wabunge yalisomwa mbele ya watu waliokusanyika, na makofi yao yakahesabiwa kuwa uchaguzi.

Tazameni jambo hili vizuri. Kulikuwa na katiba, bunge, chama, uchaguzi na takwimu. Vyombo vyote vya demokrasia vilikuwepo mezani. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema «hapana» na kurudi nyumbani salama.

Jina, picha na sala

Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo iliitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972, kwa jina la siasa ya uhalisi, yaani kurudia asili yetu, majina ya Kikristo yalikatazwa. Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni aliweza kushitakiwa. Ndiyo maana watu wengi wa rika langu tuna majina mawili: moja la kwenye daftari la shule, jingine ambalo mama alilitamka ndani ya nyumba kwa sauti ya chini.

Gazeti moja la Kikatoliki, *Afrique chrétienne*, lilihoji siasa hiyo Januari 1972. Likafungiwa. Kardinali Joseph-Albert Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, akanyang'anywa makao yake, nayo yakapewa JMPR, umoja wa vijana wa chama. Akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwaka huo huo vyama vyote vya vijana vya kidini vilivunjwa. Kijana wa Zaire alipaswa kuwa na mlezi mmoja tu, na mlezi huyo alikuwa chama. Shina la JMPR liliwekwa hata ndani ya seminari.

Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika orodha ya siku za mapumziko. Mwisho wa mwaka huo shule za makanisa zikatwaliwa na Serikali, na somo la dini likatoa nafasi kwa mafundisho ya chama. Desemba 1974 Engulu Baanga Mpongo, aliyesimamia mambo ya siasa serikalini, alisema waziwazi yale ambayo wengine walikuwa wakiyazunguka: kwamba Mungu amemleta nabii mkubwa, kwamba Mobutu ndiye Masiya wa Wazaire, kwamba chama ndicho kanisa lao, na kwamba picha ya Masiya huyo inastahili kuchukua nafasi ya msalaba. Kwenye televisheni, habari za jioni zilifunguliwa kwa uso wa Rais ukishuka kutoka mawinguni. Sisi wa msituni hatukuwa na televisheni. Tulisimuliwa na waliotoka Kindu, nasi tuliamini kwamba kweli alishuka.

Sasa mnaelewa msumari wa baba. Hakuwa mpinzani wa siasa, wala hakukataa kulipa kodi au kwenda kwenye salongo. Alijua tu kwamba kuna heshima anayopewa mkubwa wa nchi na kuna nyingine ambayo haihamishiki. Mpaka huo aliulinda katika sehemu moja ambayo bado ilikuwa chini ya mamlaka yake, meza ya nyumba yake.

«Kijiji hakina wakubwa wawili»

Watetezi wa utawala ule walikuwa na hoja moja waliyoipenda. Walisema: katika mila za Kiafrika, nani amewahi kuona kijiji chenye wakubwa wawili? Basi chama kimoja na kiongozi mmoja ndiyo asili yetu, na upinzani ni kitu cha Wazungu.

Hoja hiyo ilirudiwa hata huku kwetu, kati ya Warega wa Pangi. Nashangaa kwamba tulipiga makofi, kwa sababu ardhi yenyewe ya Kama ilikuwa shahidi kinyume chake.

Babu zetu hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na bwami. Kwa jirani zetu Bashi na Bahavu, neno mwami lina maana ya mfalme, mtu mmoja juu ya watu wote. Kwa Warega, mwami ni kila aliyeingizwa katika bwami, na bami walikuwa wengi katika kila upande wa msitu. Mtu alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kindi, iliyo ya juu kabisa. Kila ngazi ilidai mali, ushuhuda wa jamaa, na zaidi ya yote mafundisho ya mwenendo: kiasi, upole, kujizuia na ugomvi. Mwanaume hakufika juu bila mke wake, ambaye naye alikuwa na daraja zake. Mafundisho yalitolewa kwa methali, kwa ngoma, na kwa sanamu ndogo za pembe na za mti. Sanamu moja ina nyuso zinazotazama pande mbalimbali. Huitwa Sakimatwematwe, Bwana Vichwa Vingi. Hufundisha kwamba mwenye hekima hutazama kila upande, naye huona kile ambacho mwenye uso mmoja hakioni.

Sitaki kuwapaka babu zetu mafuta. Bwami ilidai mali, na aliyekosa mali na jamaa alibaki chini. Lakini ilijua siri moja: heshima kubwa hugawanywa kati ya watu wengi, na mwenye kuipata hufundishwa hadi uzeeni. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, ikiogopa nguvu isiyokuwa na kichwa kimoja cha kukamata. Miaka michache baadaye tukaambiwa kwamba asili yetu ni kichwa kimoja. Kwa jina la uhalisi tulisahau kilicho halisi. Kila ofisi ikapata picha ya uso mmoja ukutani, na Bwana Vichwa Vingi akabaki katika makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Nani aliijenga sanamu?

Mtu mmoja hawezi kujigeuza mungu. Anahitaji mwalimu wa kupanga watoto mistari, fundi wa kushona abakosi, mwanamuziki wa kutaja jina lake, mtangazaji wa kulirudia, na mtoto mwenye sauti nzuri. Kila mmoja ana sababu yake. Mmoja anaogopa, mwingine anatafuta kazi, wa tatu anapenda ngoma.

Wengine walikula kabisa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zitawekwa mikononi mwa Wazaire. Waliopata sehemu kubwa ni waliokuwa karibu na chama. Muda si mrefu rafu za maduka zikawa tupu. Bei ya shaba, iliyoilisha hazina ya nchi, ikaanguka kuanzia 1974. Barabara zetu zikaanza kurudi msituni. Wimbo, hata hivyo, haukupungua. Kadiri mkate ulivyopungua, ndivyo ngoma za chama zilivyoongezeka, kwa maana mwenye njaa akiambiwa kwamba mwimbaji bora atapewa safari ya Kinshasa, ataimba.

Maandiko Matakatifu yanaijua hali hii. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8, ni watu wenyewe wanaodai mfalme ili wafanane na mataifa mengine. Nabii anawaonya kwamba mfalme atawachukua wana wao kwa vita, binti zao kwa kazi, na mashamba yao kwa watumishi wake. Wanasikia onyo lote, kisha wanarudia ombi lao. Samweli hakuwaonya juu ya mfalme mbaya peke yake. Aliwaonya juu ya hamu yao wenyewe ya kumwachia mtu mwingine mzigo wa kufikiri.

Waliokataa

Wapo waliokataa, nao ni vema mwajue. Mwaka 1976 askofu mkuu wa Lubumbashi, Eugène Kabanga, aliandika barua ya kichungaji ambayo kichwa chake kwa Kiswahili ni «Mimi ni mtu», akishutumu uroho wa fedha uliokuwa unaila nchi. Novemba 1980 wabunge 13, watu wa ndani ya mfumo wenyewe, walimwandikia Rais barua ya wazi ya kurasa 52. Waliteswa na kufungwa, na mwaka 1982 chama chao cha UDPS kikazaliwa kwa siri.

Wengine walikataa bila kelele. Vyama vya vijana vilipovunjwa, padri Ignace Matondo, aliyekuja kuwa askofu, alianzisha mjini Kinshasa njia ya malezi ya vijana iliyoitwa Bilenge ya Mwinda, vijana wa mwanga. Kardinali Malula aliwakabidhi walei uongozi wa parokia, wakaitwa bakambi. Jumuiya ndogo za Kikristo, zinazokusanyika nyumbani kwa watu, zikawa mahali ambapo Mkristo aliweza kusema wazo lake mbele ya jirani zake, akapingwa, na kesho yake wakasalimiana. Mwaka 1977 Serikali, iliyoshindwa kuziendesha shule, ilizirudisha kwa makanisa. Nilikuwa darasa la tatu sala iliporudi. Tulianza kusali asubuhi, kisha tukaenda kwenye bendera tukaimba yale yale. Ukweli ni kwamba tulifanya yote mawili kwa miaka mingi.

Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulifunguliwa Agosti 1991, na Askofu Laurent Monsengwo Pasinya akachaguliwa kuuongoza. Serikali ilipousimamisha Januari 1992, ni walei walioitisha maandamano ya Jumapili ya tarehe 16 Februari 1992. Watu walitoka parokiani wakiwa na rozari na Biblia mikononi. Walipigwa risasi, na makumi ya watu walikufa. Miezi miwili baadaye Mkutano ulifunguliwa tena.

Mobutu mwenyewe aliondoka Kinshasa tarehe 16 Mei 1997, akafa Rabat, nchini Maroko, tarehe 7 Septemba mwaka ule ule. Niliyoyaona huku Maniema katika mwaka huo sitayasahau. Waimbaji wale wale, kwa midundo ile ile, walibadilisha jina moja tu katika wimbo.

Na sisi leo?

Tangu 2006 tuna Katiba iliyopigiwa kura na wananchi, nasi tumechagua rais mara nne: 2006, 2011, 2018 na 2023. Kifungu cha 70 kinampa rais miaka 5, naye anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Kifungu cha 220 kinakataza kabisa kugusa idadi na muda wa vipindi hivyo. Waliokiandika walikuwa wamecheza ngoma kama mimi; walijua kwamba siku moja mtatokea watu watakaosema, «Huyu wetu ni wa pekee, tumwongezee.» Kipindi cha pili cha Rais Joseph Kabila kilipokwisha Desemba 2016 bila uchaguzi kufanyika, walei Wakatoliki waliandamana tena tarehe 31 Desemba 2017, 21 Januari na 25 Februari 2018. Thérèse Kapangala, msichana aliyetamani utawa, na Rossy Mukendi, mwanaharakati, waliuawa katika siku hizo mbili za mwisho. Januari 2019, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, rais mmoja alimkabidhi mwingine madaraka bila bunduki. Hata waliotilia shaka hesabu za kura waliona jambo hilo.

Lakini Katiba haifiki mpaka ndani ya koo la mwimbaji. Nimeona katika kampeni zilizopita vijana wetu wa kwaya wakikodiwa kwa fulana moja na bia mbili. Fulana ina uso wa mgombea. Kikwembe cha mama kina uso wa mgombea. Pikipiki ina uso wa mgombea. Djalelo zinaimbwa kwa mtu ambaye barabara yake ya Kindu hajawahi kuipita wakati wa mvua. Wengine wamefika hadi kumpa jina la Baba, Musa, Mkombozi. Mlei mmoja kijana aliniambia: «Mwalimu, ni wimbo tu. Ninachukua fulana, kura ni yangu.» Nilikaa kimya, kwa sababu nami nilisema vile nikiwa na miaka minane. Sikujua kwamba wimbo unamfundisha anayeuimba kabla ya kumdanganya anayeusikia. Ukishazoea kumtaja mtu kwa majina ya Mungu, siku utakayotaka kumwuliza zilipokwenda fedha za daraja utakosa sauti.

Kumheshimu kiongozi ni wajibu, na kumwombea pia. Tofauti kati ya heshima na ibada hupimwa kwa swali rahisi: je, mtu huyu anaweza kuulizwa hesabu na kujibu? Unayeweza kumwuliza, mheshimu. Usiyeruhusiwa kumwuliza, usimwimbie. Kipimo hiki kinatuhusu hata sisi wenyewe: katekista, mkuu wa jumuiya, mwenyekiti wa kwaya aliyekaa miaka kumi na mitano bila kusoma daftari la sanduku mbele ya wenzake. Sanamu kubwa huchongwa kutoka katika mbao ndogo tulizozoea nyumbani.

Baba aliaga dunia zamani. Nyumba ile ilibomoka, na beji sijui ilipotelea wapi. Msumari ninao. Niliung'oa siku tulipobomoa ukuta, nami nimeupigilia karibu na mlango wangu.

*Kwa majadiliano katika kikundi*

1. Katika familia yako, ni nani mwenye majina mawili kwa sababu ya mwaka 1972? Mwombe akusimulie, kisha usimulie kikundini.

2. Wazee wa kijiji chako wanasema nini juu ya bwami? Ni mafundisho gani yake yangeweza kumsaidia kiongozi wa leo, na ni yapi yasingefaa?

3. Kwaya yetu ikialikwa kuimba katika mkutano wa mgombea, tujibu nini? Andikeni jibu moja mlilokubaliana wote, pamoja na maoni ya wale waliokataa.